Goti la Kukamulia

Wenzangu wa kliniki, mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu katika chumba cha sindano, na najua mlitarajia ukurasa mmoja wa shukrani. Mnisamehe. Nimestaafu, nakaa peke yangu Garissa, na tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi sauti ninayoisikia zaidi ni ya feni. Mtu wa namna hiyo akipewa kalamu haachi upesi. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilinipita bila kunisalimu, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilikuja huku nikiwa msichana wa Wundanyi, kule Taita, ambako watu huvaa sweta asubuhi. Niliposhuka kwenye basi nilidhani nimesimama nyuma ya injini inayonguruma, nikasogea. Kumbe ni hewa tu. Mume wangu alibaki Voi na kazi yake ya reli, baadaye akabaki Voi na mtu mwingine, nami nikabaki Garissa. Watu huniuliza kwa nini sikuomba uhamisho. Niliomba. Jibu lilichelewa sana, na lilipokuja nilikuwa nimeshazoea joto na sikumjua mtu tena kwingine.

Nilikuwa afisa wa kliniki wa mifupa, ingawa wagonjwa wote waliniita daktari na mimi nilichoka kuwasahihisha. Aliyenipokea ni Bwana Musyoka, mtu wa Kitui, mrefu, msema machache, ambaye glavu zote za serikali zilimbana. Yeye ndiye aliyenifundisha magoti. Siku ya kwanza aliniketisha karibu naye na kuniambia, "Kidole kwanza, sindano baadaye. Mtu akikwambia goti linauma, bado hajakwambia kitu. Goti ni pana. Mwambie akuoneshe kwa kidole kimoja."

Nawapa hilo bure, maana mashine zenu hazijalizidi. Anayefunika goti zima kwa kiganja, mara nyingi shida iko ndani ya kiungo. Anayeweka ncha ya kidole chini kidogo ya pia ya goti, halafu akakunja uso, huyo shida yake ni kano. Nasema ule ukamba mgumu unaoshika pia ya goti na kuifunga kwenye mfupa wa muundi. Unaubeba mwili kila unapochuchumaa, unapopanda, unapoinuka kutoka kwenye sijida.

Jambo la pili alilonifundisha ni hofu. Tulikuwa na ile dawa nyeupe ya kutuliza uvimbe, mnaifahamu, ile inayotikiswa kwanza kwa sababu hutuama chini ya chupa. Ndani ya kiungo kilichovimba ilikuwa ikifanya maajabu, na mgonjwa alikuombea dua mpaka kwa wajukuu. Lakini ikiingia ndani ya kano yenyewe, maumivu huondoka upesi na kano hulegea kimyakimya, halafu siku moja mtu anashuka ngazi na inakatika. "Ukisukuma na dawa ikakataa kwenda," Bwana Musyoka alisema, "usishindane nayo. Umeingia kwenye kano. Toa." Mpaka leo kidole gumba changu kinakumbuka ule ukinzani.

Mgonjwa wangu wa kwanza nikiwa peke yangu alikataa kunionesha goti. Alikuwa mchungaji wa makamo, mpole kabisa, ameshika kikoi chake kwa mikono miwili. Halima, mhudumu wetu aliyezaliwa hapahapa Garissa na ambaye alikuwa mkalimani wangu kwa miaka yote, alinieleza kwamba kwa mwanamume sehemu ya kusitiriwa inaanzia kitovuni na kuishia gotini, na goti lenyewe liko mpakani. Mbele ya mwanamke mgeni hakutaka kubahatisha. Niliposhindwa la kufanya, Halima alitwaa shuka la kijani la chumba cha upasuaji, akalikata tundu la mviringo katikati, akalipinda pembeni kwa uzi, akamfunika yule bwana kuanzia kiunoni mpaka miguuni. Kilichobaki kuonekana ni goti tu, limechungulia kwenye dirisha lake. Bwana Musyoka alipoliona alicheka mpaka akavua miwani. Wiki iliyofuata aliomba la kwake.

Shuka lile nililitumia mpaka likachakaa, tukashona jingine, na jingine. Lilinisaidia sana, ila lilinipa maisha ya ajabu. Wanaume waliingia wameinamisha macho kwa heshima, nami kwa heshima sikuwakazia yangu. Nilizungumza na magoti. Nilikuwa nikitembea sokoni nasalimiwa na watu nisiowajua hata kidogo, na Halima hunibana kiwiko na kuninong'oneza, "Huyu ni lile goti la kulia, lenye kovu la kuchomwa." Basi namkumbuka mara moja, kovu, uvimbe, kila kitu. Jina sikuwa nalo, wala uso. Mji mzima niliushika hivyo, na jioni nilirudi kwenye nyumba ya serikali nikapika chakula cha mtu mmoja, ambacho hakuna sufuria ndogo ya kukitosha.

Ulikuja wakati mbaya wa usalama, na wenzetu wengi wa bara wakaomba kuondoka. Siwalaumu. Taa za nyumba za wafanyakazi zilizimika moja baada ya nyingine. Bwana Musyoka alistaafu akarudi Kitui, akaniachia nyundo yake ndogo ya kupimia mishipa na ushauri wa kunywa maji. Mimi nikabaki na Halima, na foleni.

Mzee Dahir alikuja katika miaka yangu ya mwisho, na kwa ajili yake hasa nimekaa kuandika. Alitoka upande wa Habaswein kwa basi, mtu mkavu, mwenye ndevu zilizopakwa hina. Nilimwomba kidole, akakiweka chini ya pia ya goti la kushoto, penyewe kabisa. Kwenye duka la dawa alikuwa ameshadungwa ile sindano nyeupe zaidi ya mara moja. Kila mara alipata nafuu, kisha maumivu yakarudi na nguvu mpya.

"Daktari, mimi nataka ile sindano nyeube," alisema kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Ile ya kama maziwa."

Nilimuuliza anafanya kazi gani. Alisema hafanyi kazi, yeye ni mzee, anakaa tu na ngamia. Nikamwambia apumzishe goti, nikampa vidonge na mazoezi mepesi. Alirudi akiwa amezidi kuumia.

"Umepumzika?"

"Nimebumzika sana, wallahi. Sitembei. Hata msikiti nabanda gari. Naswali kwa kiti, kama mgonjwa."

Nikaona nibadilishe swali. Hili nalo liwekeni mfukoni: huku msiulize kazi, ulizeni asubuhi. Nilimwambia anisimulie kila anachofanya tangu anapofumbua macho. Akaanza. Anaamka, anaswali, anakunywa chai, anakamua.

"Unakamua nini?"

Alimtazama Halima kuuliza kama niko sawa. "Ngamia."

"Ngamia wote? Wewe?"

"Nani ingine? Asubuhi na jioni. Hiyo si kazi, daktari. Hiyo ni ngamia."

Nilimwomba anioneshe anavyokamua. Akateremka kitandani, akaomba kidishi changu cha chuma, akakitazama kwa dharau kidogo, kisha akasimama kwa mguu wa kushoto. Wa kulia aliuinua, akakanyaga kwa unyayo juu tu ya goti la kushoto, paja likawa meza, kidishi kikakaa juu yake. Goti lililombeba alilikunja kidogo ili asiyumbe. Mikono yake yote miwili ikaanza kukamua hewa, na kooni ukatoka mvumo mdogo, wimbo usio na maneno. Sijawahi kuona mtu akiwa nyumbani kwake namna ile ndani ya chumba cha watu wengine. Na chini ya yote hayo niliiona ile kano, imevutika kama kamba ya kigoma, inatetemeka.

Nilimweleza kwamba sindano nyeupe simpi. Nilimweleza kwa nini, Halima akarudia kwa Kisomali ili pasibaki kisingizio. Kano ilikuwa imeshalegezwa vya kutosha. Ilihitaji dawa nyingine, mazoezi ya polepole, na miezi bila kukamua.

"Mimi nataka msimu moja tu," alisema.

"Na ikikatika?"

"Nitakuwa nimekamua."

Nikamuuliza kama hana mtu wa kumpokea. Mkewe alikuwa amefariki. Mabinti alikuwa nao, lakini kwao mwanamke hakamui ngamia. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Yusuf, anayeuza simu Nairobi, mtaa wa Eastleigh.

"Basi mwite Yusuf."

Alichezea ukingo wa lile shuka. "Nikimwita atakuja," alisema. "Ni mtoto mzuri. Akija ataona mimi nimezeeka. Akiona, atauza. Ye anangoja tu nimwite."

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuja kuomba. Hakuja kuomba goti lipone. Alikuja kuomba muda, kabla mtu hajajua. Na mimi, niliyekuwa nahesabika kuwa mtu wa kustaafu karibuni, nilimwelewa kuliko alivyofikiri. Chupa ya dawa nyeupe ilikuwa kwenye kabati nyuma yangu. Nilimwonea huruma. Lakini sikuifungua. Aliinuka, akavaa viatu, akatoka bila kuaga, na katika nchi hii mtu kutoka bila kuaga ni jambo kubwa.

Nilidhani amekwenda duka la dawa. Kumbe alikwenda kufikiri. Baada ya majuma machache alirudi, nyuma yake kijana mnene mwenye simu mbili na uso wa wasiwasi. "Huyu ni Yusuf," alisema, akakaa kitandani na kujifunika shuka mwenyewe.

Daktari bingwa aliyetutembelea kutoka Nairobi alikuwa amenifundisha ile njia ya kumchoma mtu damu yake mwenyewe: unaichota mkononi, unaiangalia kano kwa ultrasaundi, unaiingiza kidogokidogo palipochakaa, ili mwili ushtuke na kuanza kutengeneza. Wataalamu bado wanabishana kama inasaidia. Nilimwambia Mzee Dahir hivyo hivyo, kwamba huenda ikasaidia na huenda isisaidie, lakini haitailegeza kano. Tatizo halikuwa hilo. Alinyoosha kidole akauliza, "Damu ikitoka nje ni najisi. Utarudisha ndani namna gani?"

Mimi na Halima tulitazamana. Shule niliyosoma haikuwa na somo hilo. Mzee akavaa viatu, akaenda kumuuliza shehe wa msikiti wa jirani, tukamngoja na vifaa vyetu. Alirudi ametulia. "Amesema kama ni ya haja, na ni yangu mwenyewe, hakuna ubaya. Ila nioshe fizuri kabla ya swala." Nikampa ganzi, nikaingiza. Kano ilinikinza kidole gumba, kama alivyosema Bwana Musyoka, na safari hii sikutoa. Mzee alisoma kwa sauti ndogo mpaka nikamaliza.

Akabaki Garissa kwa binti yake, Yusuf akaenda kwa ngamia. Fundi wa hospitali alituchongea ubao wa mteremko. Juu yake Mzee Dahir alichuchumaa kwa mguu mmoja, polepole mno, akishuka kwa maumivu na kupanda kwa kusaidiwa na mguu mwingine. "Polepole," nilimwambia kila mara. "Kushuka ndiko dawa." Alikuja kliniki hata siku zisizokuwa zake, akakaa kwenye benchi la nje, na nilipopata nafasi ya chai nilikaa naye. Alinieleza habari za Gududo, ngamia wake wa rangi nyekundu, mama wa wengi katika kundi, anavyochagua njia, anavyomchukia mtu mwenye harufu ya sabuni. Mimi nilimweleza baridi ya Taita, hakuamini. Nasema wazi, yale ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya juma zima, na siku ambazo hakuja nilitazama benchi.

Siku moja simu yake ililia tukiwa pale. Ni Yusuf. Gududo ameshikilia maziwa. Yusuf amevaa kikoi cha baba yake, amemleta ndama anyonye kwanza, amefanya yote, na ngamia amegoma. Mzee alisikiliza. Kisha akasema kitu kifupi kwa Kisomali, akaifunika simu kwa kiganja kuikinga na upepo, akaanza kuimba ule mvumo usio na maneno. Halima aliniambia kwa sauti ya chini kwamba amemwagiza Yusuf aiweke simu kwenye sikio la ngamia. Aliimba akiwa amefumba macho, na vidole vya mkono wake wa pili vikikunjika na kukunjuka juu ya paja. Mwisho sauti ya Yusuf ikasema neno moja.

"Ametoa," alisema mzee, akaangalia pembeni ili tusimwone.

Goti lilipona. Kama ni damu, ama ubao, ama ni kule kuacha kukamua, sitawadanganya, sijui. Kwanza aliacha kiti msikitini. Kisha, mchana mmoja, alisimama katikati ya chumba changu kwa mguu wa kushoto, unyayo juu ya goti, kidishi juu ya paja, na kano haikutetemeka. Nilimruhusu arudi kwa ngamia wake. Nilifurahi sana siku ile, nikafika nyumbani nikavua viatu mlangoni na kukumbuka kuwa hakuna wa kumwambia. Mzee Dahir hakurudi tena, na mgonjwa asiporudi huwa tunasema ni dalili njema.

Halima alistaafu kabla yangu akahamia Wajir kwa mwanawe. Nami siku yangu ikafika. Mlinikatia keki, mkanipa saa ya ukutani, mtu asiye na miadi yoyote. Nikienda nyumbani Taita huniuliza nitarudi lini huku, na huku huniuliza nitarudi lini nyumbani. Nimepanga chumba mtaa wa Bula Iftin, hapahapa Garissa. Mikono yangu huamka saa ile ile ya kazi, na haina la kufanya.

Mwezi uliopita nilikwenda sokoni kwa kina mama wanaouza maziwa ya ngamia. Mbele yangu kwenye foleni alisimama mwanamume aliyenipa mgongo. Alichoka kungoja, nadhani, maana bila kufikiri aliuinua mguu wa kulia, akakanyaga juu ya goti la kushoto, na mtungi wake mdogo wa plastiki, mtupu, akauweka juu ya paja. Nililitazama goti kabla ya kumtazama mtu. Lilikuwa imara kabisa.

"Mzee Dahir?"

Aligeuza kichwa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tuliangaliana usoni sawasawa. Ana macho ya kahawia yaliyofifia pembeni, na amezeeka. "Daktari," alisema, na akacheka kidogo.

"Goti?"

"Goti fizuri. Haiumi kabisa, alhamdulillahi." Akalipiga kofi kunionesha.

"Na ngamia?"

Aliuzungusha mtungi juu ya paja. "Yusuf aliuliza kama auze wote au abakishe. Ye ana duka, ana watoto. Hawezi kuja kila siku, na ameshaona mimi nimezeeka. Mimi nikasema haa, ndiyo, wote." Akageuka mbele. "Gududo alienda mwisho. Hakutaka kupanda lori."

Ningeulizwa tena leo kuhusu ile sindano nyeupe, jibu langu ni lile lile, nanyi mkikutana na mtu kama yeye msimpe. Nawaambia tu kwamba mnaweza kufanya kila kitu sawasawa, na bado mkasimama sokoni mkiwa hamna neno.

"Sasa nanunua," alisema, sauti imeshuka, kama mtu anayetaja aibu ya ukoo wake. "Maziwa. Mimi." Kisha akaniuliza, "Na wewe? Nani unadunga sindano siku hizi?"

"Hakuna."

"Haa," akasema, na akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa vizuri.

Mwenye maziwa alimwambia alete mtungi. Mzee Dahir aliuondoa kwenye paja, akampa. Kisha akaushusha mguu chini, polepole, kama nilivyomfundisha, bila maumivu yoyote.